Wavulana wa Uwanjani na Sauti ya Nne





Nimeombwa nizungumze na vijana. Mniwie radhi, leo nitasema zaidi na wazazi na viongozi wa kwaya. Hapa Kiptere malalamiko ni yale yale: sauti ya tatu na ya nne zimebaki na wazee, wavulana wametekwa na uwanja. Mvulana akikosa mazoezi ya Jumamosi kwa sababu anasaidia kuchuma chai, tunamsamehe. Akienda kukimbia, tunamwita mtoro.

Sasa tutazame Iten, kwenye Shule ya Upili ya St. Patrick's. Ni shule ya wavulana ya Kikatoliki, iliyoanzishwa na mabruda wa Wapatrisiani kutoka Ireland. Mwaka 1976 alifika hapo Bruda Colm O'Connell kufundisha jiografia. Hakuwa mwanariadha wala kocha. Aliwatazama wavulana wakikimbia, akawauliza maswali, akajifunza kutoka kwao. Kule Seoul mwaka 1988, Peter Rono, aliyesoma hapo, alishinda dhahabu ya mita 1500 akiwa na miaka 21. Barcelona 1992, Matthew Birir akashinda mbio za kuruka viunzi na maji. Wilson Kipketer naye alitoka hapo. Ukitembea ndani ya shule utaona miti iliyopandwa kwa heshima ya washindi, kila mmoja na jina lake.

Tusidhani ni mambo ya Elgeyo peke yao. Medali ya kwanza kabisa ya Kenya katika Olimpiki, shaba ya mita 800 kule Tokyo mwaka 1964, ililetwa na Wilson Kiprugut Chuma wa hapa kwetu Kericho. Na David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 kule London mwaka 2012, ni mzaliwa wa Kilgoris, jirani zetu. Kocha wake? Bruda Colm yule yule.

Mimi linalonigusa zaidi ya medali ni hili: mtawa mwenye nadhiri alifanya uwanja kuwa sehemu ya utume wake. Hakuwaambia vijana wachague kati ya kanisa na mbio. Sisi tunawachagulisha, kisha tunashangaa wakienda.

Tena mvulana wa mbio anajua kupumua, anajua kurudia jambo moja mara mia bila kunung'unika, anajua kufuata mwendo wa wenzake. Mwalimu wa kwaya, hizo si ndizo kazi zako za kila wiki?

Naomba kamati ikae na walimu wa michezo kabla muhula kufunguliwa, tujue ratiba yao. Mazoezi ya Jumamosi yasogezwe kutoka saa tisa hadi saa kumi na moja, wavulana wakishaoga. Na akina mama wa jumuiya, chai iwe tayari, maana watafika na njaa.