Nathanaeli Alikuwa Jirani



Tumeombwa kunena juu ya kutowahukumu watu kwa mahali walikotoka. Hapa Chepilat jambo hili halihitaji utangulizi mrefu. Kwa hatua chache tu mtu huiacha Sotik, nchi ya Wakipsigis, akaingia Borabu, ambako Wakisii walipata makazi mashamba ya walowezi yalipogawanywa katika miaka ya 1960. Mvua ni ile ile, chai ni ile ile, na wengi wetu twazijua salamu za pande zote mbili. Hata hivyo, mwaka 1992 na tena mwaka 2008, mpaka huu uliona mishale na moto.

Katika Injili ya Yohana, sura ya kwanza, Filipo alimwendea Nathanaeli akampa habari za Yesu wa Nazareti. Nathanaeli akauliza kwa dharau kama mji ule waweza kutoa kitu chema. Kwa miaka mingi tulikihubiri kisa hiki kana kwamba Nathanaeli alikuwa mtu wa mbali. Sivyo. Yohana mwenyewe, katika sura ya 21, atuambia kwamba alikuwa mwenyeji wa Kana ya Galilaya, na Kana haikuwa mbali na Nazareti. Alikuwa jirani. Watu wa mbali hawakuwa na sababu ya kuidharau Nazareti, kwa kuwa hawakuijua hata kwa jina. Dharau ya namna ile hulelewa mpakani. Watoto hufundishwa jioni, kwa mzaha, kabla hawajamwona huyo wanayefundishwa kumcheka.

Wenye umri wetu waikumbuka mikutano ya Kapsabet na Kapkatet ya Septemba 1991. Nchi ilikuwa ikidai mageuzi, na wanasiasa wa chama tawala wakatangaza kwamba Bonde la Ufa ni eneo la KANU, na asiyekubali arudi kwao. Oktoba 29 mwaka huo machafuko yalianza katika shamba la Meteitei, Tinderet. Kisha tukaambiwa: tazameni, vyama vingi vimeleta vita vya kikabila! Tulikataa wakati ule na twakataa hata leo. Kilicholeta moto si wingi wa vyama, bali ile imani kwamba kura ya mtu husomwa katika jina lake. Kifungu cha 2A cha Katiba kilifutwa Desemba 1991, raia akapata uhuru wa kuchagua chama. Lakini uhuru huo ni wa nini ikiwa jirani amekwisha kumhesabia kura kabla hajaipiga?

Nasi wapenda mageuzi hatukuwa safi. Tulimhesabu kila Mkalenjin kuwa mtu wa KANU, tukasahau kwamba Askofu Alexander Muge wa Eldoret, aliyefariki katika ajali ya barabarani Agosti 1990, alikuwa Mkalenjin, na kwamba ni wachache waliousema ukweli kwa sauti kama yake.

Januari 31, 2008, mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, aliuawa kwa risasi mjini Eldoret na askari wa trafiki. Habari zilipotufikia zilikuja na neno moja zaidi: askari yule ni Mkisii. Neno hilo likatosha. Mtu mmoja alifyatua risasi Eldoret, na waliohukumiwa ni wakulima wa mpakani wasiomjua. Nao wa upande wa pili wakalipiza kwa kipimo kile kile. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, chasimulia Waefraimu waliouawa kwenye vivuko vya Yordani kwa kushindwa kutamka neno moja. Sisi tulikuwa na kitambulisho chenye wilaya ya mtu iliyochapishwa. Hatukuhitaji hata kumsumbua atamke.

Na makanisa je? Mwaka huo huo wa 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya lilikiri hadharani kwamba viongozi wake walikuwa wameegemea pande. Hapa kwetu ungamo ni dogo zaidi, tena la aibu zaidi. Usiku mlango ulipobishwa, tuliuliza jina kabla ya kufungua. Waliotaja jina lisilotufaa tuliwaambia waende mbele kidogo. Hatujui wote waliishia wapi.

Mchumaji afikapo kituo cha chai, karani hutia mkono kikapuni, huyageuza majani, huyakataa yaliyokomaa kupita kiasi. Ni hukumu kali, na mara nyingine twanung'unika, lakini walau ameyatazama majani. Hatukukatazwa kupima. Kristo naye alimpima Nathanaeli alipokuwa akija, akasema hamna hila ndani yake. Na huyu ndiye aliyekuwa ametoka tu kuudharau mji wa Bwana! Filipo, kwa upande wake, hakubishana naye juu ya Nazareti. Alimwalika aje aone.

Katiba ya 2010, katika ibara ya 39, yampa kila raia haki ya kuishi popote nchini. Twaishukuru, ila Katiba haiwezi kumvusha mtu barabara akanywe chai kwa jirani yake. Wazee wa makanisa ya pande zote mbili wamekubali kuanza ziara hizo, na tumeomba waanze na wale tuliowanyima mlango mwaka 2008. Wawili twajua wanakokaa.