PICHA YA UBONGO INASEMA NINI?

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo)



Leo tuzungumze juu ya mtu aliyeumia kichwa vibaya. Ameanguka kutoka juu ya mnazi, au amegongwa na pikipiki. Yuko hospitali, hajitambui. Jamaa wako nje wanangoja. Swali lao ni moja: Je, ndugu yetu atapona?

Hospitali kubwa zina mashine za kupiga picha za ubongo. Watu wengine wanadhani picha hiyo inajibu swali lote. Sivyo. Mimi ni mwalimu, si daktari, lakini hebu tuone madaktari wenyewe wamejifunza nini.

Kwanza, alama. Daktari huangalia mambo matatu. Je, mgonjwa anafumbua macho? Anasema? Anasogeza mikono na miguu? Kipimo hiki kilitungwa mwaka 1974 na Teasdale na Jennett, madaktari wa mji wa Glasgow. Alama za juu ni 15, za chini ni 3. Mwenye 8 au chini ya hapo ameumia vibaya sana.

Pili, picha. Eksirei ya kawaida huonyesha mifupa, ubongo hauonekani. Mwaka 1971, huko London, mashine ya mhandisi Godfrey Hounsfield ilimpiga mgonjwa wa kwanza picha ya ubongo. Mashine hiyo ni siti-skani. Huonyesha ubongo vipande vipande, kama mkate uliokatwa. Damu iliyovuja huonekana, na uvimbe pia. Hapo daktari hujua kama inafaa kupasua haraka.

Lakini ubongo una nyuzi nyembamba sana. Kichwa kikitikiswa kwa nguvu, nyuzi hukatika. Siti-skani yaweza kuonekana safi, kumbe nyuzi zimeumia. Mashine ya sumaku, yaani MRI, huziona vizuri zaidi.

Basi daktari hujumlisha yote: picha, alama, umri, na jinsi mboni za macho zinavyobadilika zikimulikwa tochi. Jumla hiyo humpa makadirio. Ni kama mkulima anayetazama mawingu. Anajua dalili za mvua, lakini hajui itanyesha shamba la nani.

Sikilizeni habari hii. Mwaka 2005, huko Uingereza, mwanamke wa miaka 23 aliumia katika ajali ya gari. Miezi mitano baadaye alikuwa anafumbua macho, lakini hajibu lolote. Mtaalamu Adrian Owen na wenzake walimweka ndani ya MRI. Wakamwambia awaze kwamba anacheza tenisi. Ubongo wake ukafanya kazi sawa na wa watu wenye afya! Alikuwa anasikia. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2006.

Mwaka 2024 wataalamu walitoa habari za wagonjwa 241 wasioitikia amri yoyote. Wagonjwa 60 waliitikia ndani ya ubongo tu. Gawanyeni wenyewe: ni kama mmoja katika kila wanne.

Na huko Marekani, mwaka 2021, ilielezwa habari ya watu 79 ambao wiki mbili baada ya kuumia walikuwa hawajitambui kabisa. Kabla mwaka haujaisha, 62 walikuwa wamepata fahamu. Wengi hawakurudia hali yao ya zamani, lakini waliamka.

Sasa sisi tufanye nini?

1. Aliyeumia kichwa apelekwe hospitali mara moja. Abebwe kwa uangalifu, shingo isipindwe.

2. Muulizeni daktari: Picha inaonyesha nini? Nini bado hakijulikani? Kabla ya kuuza ng'ombe ili mlipie picha nyingine, ulizeni: Je, itabadilisha matibabu?

3. Msikate tamaa siku za kwanza. Wataalamu hushauri kungoja angalau saa 72 kabla ya kusema hakuna matumaini. Wengine huchukua miezi.

4. Zungumzeni na mgonjwa kwa heshima. Msiseme mbele yake, "Huyu amekwisha." Wala msianze kugawana mbuzi wake. Pengine anawasikia.

5. Ninyi mnajua kuandika. Wekeni daftari. Andikeni tarehe aliyofumbua macho, tarehe aliyobana kidole cha mtu. Mpeni daktari alisome. Picha ni ya siku moja, daftari lenu ni la kila siku.

 Sasa tuanze maswali.