Kikapu Chepesi, Nauli Nzito

Msusi wa vikapu vya ukindu anayechangiwa mtaji mtandaoni na wateja wa ng'ambo hutoa ahadi moja: nichangie leo, kikapu kitakufikia. Mara nyingi ahadi hiyo haikwami kwenye ususi. Hukwama kwenye nauli ya mzigo.

Kampuni za kusafirisha vifurushi kwa ndege hazitazami mizani peke yake. Huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, na nyingi hugawanya kwa 5,000. Boksi la 50 kwa 40 kwa 30 hulipiwa kama kilo 12, hata likiwa na kilo 3. Kwa hiyo, vikapu vinavyoingia kimoja ndani ya kingine ni fedha mfukoni.

Kuna na kodi. Tangu Julai 2021, Umoja wa Ulaya hutoza VAT hata bidhaa za bei ndogo zinazoingia. Marekani nayo, tarehe 29 Agosti 2025, ilisitisha msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800. Mteja akidaiwa mlangoni asichokitarajia, huenda akaukataa mzigo, na hasara ikamrudia msusi.

Basi, kabla ya kutangaza bei, linganisha posta na kampuni binafsi, tuma kifurushi kimoja cha majaribio, dai namba ya kufuatilia mzigo, na mweleze mchangiaji mapema nani atalipa ushuru. Nauli ndogo ya mzigo usiofika ni hasara tupu.