Mwalimu Akisafiri, Somo Libaki

Kipindi cha elimu, makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda
Sehemu ya maongezi: Walimu na nyenzo huria za elimu

(Muziki wa kufungulia. Unashuka polepole.)

Jioni ya leo naongea hasa na walimu wetu. Walimu, poleni na kazi. Wanafunzi nanyi msiondoke, maana jambo hili mwisho wake ni kwenu.

Nianze na kisa changu mwenyewe. Nilipokuwa kidato cha tatu, yaani S3, tulikuwa na mwalimu wa kemia, Mkongomani kama mimi. Yeye alisoma kwa Kifaransa, na huku Uganda mtihani ni kwa Kiingereza. Basi alikuwa na daftari moja kubwa, limefungwa kwa utepe wa gundi. Kila neno gumu aliliandika mara mbili, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, kisha chini yake akaeleza kwa Kiswahili chetu cha Kivu. Sisi tuliotoka Kongo tukiwa tumeanza shule kwa Kifaransa, daftari lile lilikuwa daraja letu.

Siku moja jina lake likatoka ubaoni. Alipata safari, yeye na familia yake, kwenda kuishi nchi ya mbali. Tulifurahi naye, tukamwimbia, tukalia kidogo. Baada ya juma moja akaja mwalimu mwingine, mtu mzuri kabisa, lakini alianza upya. Tulikuwa tumefika kwenye asidi na besi, yeye akaturudisha mwanzoni, maana hakuwa na cha kushika. Daftari lilipanda ndege. Matokeo yangu ya kemia siyatangazi redioni.

Walimu, hapa kwetu kila mwaka kuna mwalimu anayesafiri, anayehamia kambi nyingine, anayeacha kazi kwa sababu posho haitoshi. Kila anapoondoka, somo linaondoka naye. Ndiyo maana leo nataka tuzungumze kuhusu wiki.

(Muziki mfupi.)

Najua umeshahesabu Jumatatu mpaka Jumapili. Hapana, si wiki ya siku saba. Wiki ninayosema ni ukurasa wa intaneti ambao wasomaji wake wanaweza pia kuuandika na kuusahihisha. Neno hilo limetoka Hawaii, na maana yake ni haraka. Mmarekani Ward Cunningham alitengeneza wiki ya kwanza mwaka 1995, akachukua jina kutoka kwa mabasi ya uwanja wa ndege wa Honolulu. Wiki inayojulikana zaidi ni Wikipedia, iliyoanza 2001. Ya Kiswahili ilianza 2003. Wengi mmeisoma kwenye simu bila kujua kwamba pale juu pana neno "hariri", na kwamba neno hilo linakuhusu wewe pia.

Kwa walimu kuna sehemu zake. Wikibooks, iliyoanza 2003, ni ya kuandika vitabu vya masomo. Wikiversity, iliyoanza 2006, inapokea masomo na mipango ya kufundisha. Mwaka 2006 pia ilizaliwa WikiEducator, kwa msaada wa Jumuiya ya Mafunzo ya nchi za Madola. Mwanzilishi wake, Wayne Mackintosh, na wenzake walikuwa na mpango mmoja ulionipendeza: mwalimu alifundishwa bure kutumia wiki, na malipo yake yalikuwa kutoa somo moja ili wengine walitumie. Somo moja tu. Lakini walimu kumi wakitoa moja moja, kila mmoja anakwenda nyumbani na kumi.

Nyenzo za namna hii zinaitwa nyenzo huria za elimu. Huria si bure tu. Kitu cha bure unaweza kupewa usome, lakini usiruhusiwe kukibadilisha. Nyenzo huria una ruhusa ya kuisoma, kuinakili, kuitafsiri, kuirekebisha na kumpa mwenzako. Ruhusa hiyo imeandikwa kwenye leseni. Wiki nyingi hutumia leseni ya Creative Commons inayosema mambo mawili: mtaje aliyeandika, na ukiiboresha kazi yake, na wewe iache wazi hivyo hivyo.

Mtauliza, je, kazi ya kujitolea namna hiyo inaweza kuzaa kitabu cha kweli? Tazameni Afrika Kusini. Mwaka 2002 wanafunzi wa fizikia wa chuo kikuu waliona watoto hawana vitabu vya sayansi. Wakaanza kuandika wenyewe, wakaita watu wa kujitolea, kila mmoja sura yake. Kitabu chao cha fizikia kiliwekwa pia Wikibooks. Kazi ile ikaendelea kwa jina la Siyavula, na mwaka 2012 serikali ya nchi hiyo ikachapisha vitabu vyao vya hisabati na sayansi kwa shule za sekondari. Hawakusubiri kitabu kishuke kutoka juu.

(Muziki mfupi.)

Sasa nizungumzie mambo ambayo nimesikia walimu wakisema.

La kwanza: "Mtu ataharibu kazi yangu." Kweli, anaweza. Lakini kila ukurasa wa wiki una historia yake. Kila badiliko linabaki limeandikwa, nani na lini. Mtu akifuta somo lako usiku, asubuhi unarudisha lile la jana.

La pili: "Kiingereza changu si kizuri, watanicheka." Mwalimu wangu, andika unachojua. Mwenzako wa Kiingereza atasahihisha sarufi, na wewe utamsahihishia kemia. Na pale kwenye ukurasa wa majadiliano mtabishana kwa adabu mpaka mkubaliane.

La tatu: "Mimi si mtaalamu, nimemaliza sekondari tu." Sikiliza. Kitabu kilichoandikwa mbali kinafundisha maji kuganda kwa mfano wa theluji. Mtoto wa Juru theluji ameiona wapi? Wewe unajua mfano wa Ziwa Nakivale, wa migomba, wa mmomonyoko wa udongo kwenye vilima vyetu. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza Uganda mwaka 2020, unataka mwanafunzi atumie anachojifunza katika mazingira yake. Mazingira haya nani anayajua kuliko ninyi?

La nne ndilo gumu: "Intaneti inakula pesa." Hapo siwabishii. Bando ni ghali, mtandao unakatika, na umeme wa jua ukiisha simu inazima. Kwa hiyo msianze na intaneti. Anzeni na daftari. Andikeni somo pamoja kwa kalamu, mlisome, mlisahihishe. Likikamilika, mmoja mwenye simu nzuri analichapa na kulipandisha mara moja, na gharama ya bando mnachangiana. Kwa kusoma, ipo programu inayoitwa Kiwix, iliyoanza 2007. Unapakua Wikipedia au Wikibooks mara moja mahali penye mtandao, kisha unasoma bila intaneti kabisa. Faili hilo unaweza kumwekea mwenzako kwenye kadi ya memori, naye akamwekea mwingine.

Nina maonyo matatu. Msipige picha kurasa za kitabu cha duka na kuzipandisha. Kitabu kile kina mwenyewe. Jifunzeni kwacho, halafu andikeni kwa maneno yenu. Msiweke majina wala picha za wanafunzi. Na wewe uliyekimbia watu unaowaogopa, si lazima utumie jina lako. Fungua akaunti kwa jina la kubuni, na usieleze unaishi wapi. Heshima ya kazi itakwenda kwa jina hilo, na wewe utabaki salama.

(Muziki mfupi.)

Sasa shikeni kalamu, nitasema polepole. Kazi ya juma hili ni hii.

Moja: tafuta walimu wenzako watatu wa somo lako. Wasiwe wa shule yako tu.

Mbili: chagueni mada moja, ile ambayo wanafunzi wanaanguka kila mwaka. Moja tu, msichukue kitabu kizima.

Tatu: gawaneni. Mmoja aandike maelezo, wa pili mifano ya hapa kwetu, wa tatu maswali na majibu, wa nne maneno magumu kwa Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili.

Nne: badilishaneni makaratasi. Kila mmoja asahihishe ya mwenzake kabla ya mtu yeyote kugusa simu.

Tano: likipanda kwenye wiki, nakilini anwani ya ukurasa huo kwenye karatasi na kuibandika katika ofisi ya walimu, ili hata yule atakayekuja mwakani aikute.

Kidole kimoja hakivunji chawa, wazee wetu walisema. Mimi sijui mwalimu wangu wa kemia yuko mji gani leo. Ninachojua ni kwamba asidi na besi za daftari lile nazihitaji mpaka sasa, na mdogo wangu ameingia S3 mwaka huu. Anakaa kwenye dawati kama lile langu, na mwalimu wake naye anasubiri jina litoke ubaoni. Mwalimu, safari yako tunaiombea. Lakini kabla hujapanda gari, tuachie somo.

Mwenye swali au aliyekwisha anza, aje studio au amtume mwanafunzi na karatasi. Tutayasoma maswali yenu hewani. Mimi ni mtangazaji wenu, tukutane tena juma lijalo, panapo majaliwa. Usiku mwema.

(Muziki wa kufungia.)