Machozi ya mama nyuma ya kuzaa

Mbele ya kupima watoto kilo, kaeni tuongee kidogo.

Habari hii wengi wenu munaijua. Mtoto amezaliwa mzima, maziwa yameanza kuja, wageni wanaleta unga, na siku ya tatu ao ya nne mama anaanza kulia. Mamamkwe anamuuliza, «Nani amekukosea?» Hakuna. Zaidi ya nusu ya wamama wanapita pale, na mambo yanaisha yenyewe ndani ya juma mbili. Kwa wengine hayaishi. Shirika la Afya la Dunia (OMS) linasema kwamba katika wamama 100 waliozaa, 13 hivi wanapata ugonjwa wa akili, zaidi ule wa huzuni. Na katika nchi zenye mali kidogo wanakaribia 20. Hao ndio wanaotutia wasiwasi, maana nyumbani wanaitwa wavivu, ao watu wanasema wamelogwa.

Tuangalie basi ndani ya ubongo. Umejengwa na seli nyingi sana za mishipa ya fahamu, nazo zinatumiana habari mchana na usiku. Habari nyingine inasema «Amka, fanya!» Nyingine inasema «Tulia.» Zote mbili zinahitajika. Sokoni, kama kila mtu anapiga kelele kwa mara moja, nani atasikia bei?

Mjumbe mkubwa wa «tulia» anaitwa GABA. Juu ya seli kuna milango midogo. GABA akifika, mlango unafunguka na kloridi inaingia. Kloridi ni sehemu moja ya chumvi ileile munayotia katika sombe. Ikiisha kuingia, seli inanyamaza, inakuwa ngumu kuamshwa. (Musiende nyumbani kuongeza chumvi! Ile ya damu inatosha. Habari yetu ni ya mlango.)

Mwaka 1981 mwalimu mmoja wa Ufaransa, Étienne-Émile Baulieu, na wenzake, walitangaza kwamba walikuta ndani ya ubongo wa panya steroidi zinazotengenezwa palepale. Wakaziita neurosteroidi. Moja yao ina jina refu, alopregnanoloni. Si lazima kulishika. Inatoka katika projesteroni, ile hormoni inayolinda mimba. Ikishika mlango wa GABA, mlango unakaa wazi muda mrefu zaidi. GABA ni yuleyule, lakini utulivu unaongezeka.

Wakati wa mimba, kondo la nyuma linatoa projesteroni nyingi mno, na alopregnanoloni inapanda pamoja nayo. Kondo likitoka, kiwanda kimetoka! Ndani ya siku chache vyote viwili vinashuka sana. Milango ilikuwa imezoea msaada mwingi; sasa inapaswa kujipanga upya, na ni wakati uleule mtoto anakuamsha usiku kila masaa mawili.

Lakini kondo linatoka kwa kila mama. Mbona si wote wanaougua? Mwaka 2000 waganga wa Marekani walitangaza kazi waliyofanya na wanawake 16 wasio na mimba. 8 walikuwa wamekwisha kuugua huzuni hii nyuma ya kuzaa, 8 hawakuugua hata siku moja. Wote walipewa hormoni nyingi, sawa za mimba, kisha zikakatwa. Katika wale 8 wa kwanza, 5 walirudia huzuni. Katika wale wengine, hata mmoja. Hormoni zilikuwa sawasawa. Tofauti ni namna ubongo wa kila mmoja unavyopokea kule kupanda na kushuka. Basi mama anayesema «Mimi nilizaa kumi na sikulia» anasema kweli, lakini yeye si kipimo cha mwenzake.

Juu ya dawa: mwaka 2019 Marekani iliruhusu alopregnanoloni yenyewe, ikipitishwa kwa serumu masaa 60. Mwaka 2023 vikaja vidonge vya zuranoloni, vya siku 14. Musikae kuvingojea. Kuongea na mtu aliyefundishwa kazi hiyo kunasaidia, na dawa nyingine za huzuni ziko. Lakini diazepamu ya kununua sokoni, hapana! Inagusa mlango uleule, kweli, lakini inapita katika maziwa; mtoto anasinzia na ananyonya vibaya. Pombe vilevile.

Kama machozi yamepita juma mbili, kama hupati usingizi hata mtoto akiwa amelala, kama unamwangalia mtoto sawa vile ni wa mtu mwingine, njoo. Usingoje siku ya kupima. Na ninyi wengine: mama akisema anataka kufa ao kumwumiza mtoto, ao akisikia sauti zisizokuwapo, mumlete siku ileile, hata usiku, na mtu asimwache peke yake njiani. Mama mchungaji akija kuomba naye, vizuri. Waje wote wawili hapa.

Na wewe uliyeugua hivi kwa mimba iliyopita, tuambie leo, mbele ya kuzaa, tuandike katika fishi yako.