Kutamba si kuthibitisha

(Hotuba kwa walimu na watumishi wa serikali, Kashaulili, Mpanda)



Nimeombwa nizungumzie kitenzi ambacho magazeti yetu hayaishi kukitumia: kutamba.

Kitenzi hiki kina maana kadhaa. Kutamba ni kutembea kwa madaha. Ni kusimulia hadithi, ndiyo maana tukawa na mtambaji. Ni kusema kwa kujiamini, hata kwa kujisifu, juu ya uwezo wako. Ukimwelekezea mpinzani maneno hayo unamtambia, naye akijibu mnatambiana. Aidha, kutamba ni kufanikiwa au kuvuma kwa kweli: timu hutamba ligini, na wimbo hutamba mjini.

Katika maana hizi mbili za mwisho ndimo hatari inamojificha. Kichwa cha habari kisemacho "Simba yatamba" kikitoka kabla ya mchezo ni maneno ya kocha. Kikitoka baada ya mchezo ni mabao. Katika mpira hasara ni ndogo, kwani filimbi ya mwisho hukata maneno. Katika kazi ya umma sivyo. Mzazi wa hapa Kashaulili akisoma "Afisa atamba madawati kutosha", atajuaje kama madawati hayo yamehesabiwa darasani au mdomoni tu?

Fasihi simulizi yetu ina funzo. Katika majigambo, shujaa hujisifu kwa nafsi ya kwanza, lakini husimama mbele ya jamii inayoyajua matendo yake. Akizidisha chumvi, wapo wa kumkosoa. Tambo la ofisini, ambalo shahidi wake ni faili lililofungwa kabatini, halina mkosoaji.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kila neno na tulipe kazi yake. Mtu akitoa ahadi, tuandike "ameahidi". Akieleza jambo bila ushahidi, tuandike "amedai". Akionyesha hesabu ikakaguliwa, hapo ndipo tuandike "amethibitisha". Akijisifu, basi "ametamba", na msomaji aelewe hivyo.

Walimu, wapeni wanafunzi vitenzi hivi vinne wavitungie sentensi, kisha waeleze tofauti zake. Nanyi watumishi, kabla ya kutia sahihi taarifa, jiulizeni: hapa nathibitisha, au natamba? Mwananchi anayesubiri dawati ana haki ya kulijua jibu.