Kiwanda cha Bugarama na Lindo la Mpakani



Ipo hoja inayorudiwa mara kwa mara, nayo ni kwamba fedha za serikali zitumiwe kama mfanyabiashara anavyotumia mtaji wake: palipo na hasara pafungwe, palipo na faida paongezwe. Hoja hii haifai kupuuzwa. Wilaya ya Rusizi, iliyokuwa katika mkoa wa zamani wa Cyangugu, inatupa mahali pa kuipimia.

Kule Bugarama kipo kiwanda cha saruji cha CIMERWA. Kilijengwa kwa msaada wa China, kikaanza kutoa saruji mwaka 1984 kikiwa mali ya umma. Kufikia mwaka 2013 kampuni ya PPC ya Afrika Kusini ilikuwa imekwisha kununua asilimia 51 ya hisa zake kwa zaidi ya dola milioni 69. Mwanzoni mwa mwaka 2024 hisa hizo ziliuzwa tena, kwa kampuni kutoka Kenya, safari hii kwa dola milioni 42 na nusu. Tofauti hiyo imeiangukia PPC, wala si hazina ya Rwanda. Saruji ina bei sokoni, na hapo lugha ya biashara inaeleweka.

Lakini mpaka hauna bei sokoni. Mwezi Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulizuka mashariki ya Kongo. Mwaka uliofuata ulifika Mwenga, katika Kivu Kusini, mkoa ambao mji wake mkuu, Bukavu, unatazamana na Rusizi ng'ambo ya mto. Rwanda ilikuwa imekwisha anza kuwachanja wahudumu wa afya wa mipakani. Wasafiri walipimwa joto na kunawishwa mikono, siku baada ya siku. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha huko, Juni 2020, ulikuwa umeua watu 2,287. Rwanda haikupata hata mgonjwa mmoja.

Mhasibu wa duka angeandika nini hapo? Angekuta mishahara, dawa na mafuta ya magari; upande wa mapato, sifuri. Kwa kanuni yake angekifunga kituo mwezi wa pili tu. Askari analielewa jambo hili bila kufundishwa, kwani mwaka wa lindo ambao halikutokea jambo ndio mwaka wake mwema, ingawa ni nadra kupongezwa kwa ajili yake.

Wapo, hata hivyo, wanaojificha nyuma ya ukweli huo. Kwa kuwa ulinzi hauna bei, husema, basi tusiulizwe bei. Hapo hatukubaliani nao hata kidogo. Lita ya mafuta inayopotea kambini haimlindi mtu, na viatu vilivyonunuliwa kwa bei maradufu havidumu maradufu. Bei za vitu hivyo zinajulikana sokoni Kamembe, kama ile ya saruji.

Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hupeleka taarifa yake Bungeni kila mwaka. Kazi yake si kuuliza kituo cha mpakani kimeleta faida gani. Huuliza kilipewa fedha kiasi gani, zikanunua nini, na hati ziko wapi.